Nathaniel Bowditch, Aliyewafundisha Mabaharia Kusoma Mbingu

Majina ya manahodha wakubwa kama Vasco da Gama na James Cook tumeyasoma mara nyingi katika vitabu vya historia. Lakini yuko mtu mmoja ambaye hakuvumbua nchi yo yote, wala hakupigana vita baharini, na juu ya hayo kazi yake imewafikisha salama bandarini mabaharia wasio na idadi. Silaha zake zilikuwa kalamu, karatasi na tarakimu. Mtu huyo ni Nathaniel Bowditch wa Marekani, na habari zake zatufaa sana sisi wanafunzi, hata sisi tukaao bara mbali na bahari.

Bowditch alizaliwa tarehe 26 Machi 1773 katika mji wa Salem, jimbo la Massachusetts. Siku hizo nchi ile ilikuwa bado chini ya Waingereza. Salem ulikuwa mji wa merikebu. Karibu kila nyumba ilikuwa na mtu wake baharini. Baba yake, Habakkuk Bowditch, alikuwa amefanya kazi ya unahodha, lakini baadaye akawa fundi wa mapipa. Watoto walikuwa saba na fedha zilikuwa haba. Basi Nathaniel alipotimiza miaka 10 alitolewa shuleni akamsaidie baba yake kutengeneza mapipa. Hakurudi shuleni tena maisha yake yote.

Alipokuwa na miaka 12 alifungwa kwa mkataba wa miaka tisa awe karani katika duka lililouza kamba, misumari na vifaa vingine vya merikebu. Mchana aliandika hesabu za duka. Usiku, na hata mchana wateja walipokuwa hawapo, alisoma. Alipokuwa na miaka 14 ndugu yake alimweleza kwamba iko njia ya kupiga hesabu kwa herufi badala ya tarakimu. Nathaniel akaazima kitabu cha aljebra, na yasimuliwa kwamba usiku ule hakupata usingizi kwa furaha.

Akataka kusoma kitabu kikuu cha Isaac Newton juu ya mwendo wa sayari, lakini kitabu kile kilikuwa kimeandikwa kwa Kilatini. Je, alikata tamaa? La! Alichukua Agano Jipya la Kilatini na kamusi, akaanza kulinganisha neno kwa neno na maneno aliyokwisha kuyajua kwa lugha yake. Baada ya muda akamsoma Newton. Halafu akajifunza Kifaransa kwa njia ile ile.

Yawapasa wasomaji wajue pia vitabu vyake vilitoka wapi, maana kijana maskini kama yeye hakuweza kuvinunua. Wakati wa vita vya Wamarekani na Waingereza, katika mwaka wa 1781, merikebu moja ya Kimarekani iliteka chombo ambamo mlikuwa na vitabu vya Richard Kirwan, mtaalamu wa kemia wa Ireland. Vitabu vile vililetwa pwani ya Massachusetts, na waungwana wachache wa Salem wakavinunua ili waanzishe maktaba. Baadaye walitaka kumlipa Kirwan, naye akakataa malipo akafurahi kwamba vitabu vyake vinatumika vizuri. Katika mwaka wa 1791 Bowditch aliruhusiwa kuviazima. Alivinakili kwa mkono, kurasa mamia kwa mamia, katika madaftari yake. Hivyo vitabu vilivyotekwa vitani vikamlea mtaalamu wa amani.

Sasa, kabla ya kuendelea na maisha yake, ni vema tueleze kidogo kazi yenyewe ya kutafuta njia baharini, ili tupate kuona shida aliyoikuta.

Baharia akiwa katikati ya bahari haoni mlima, wala mti, wala kijiji. Aona maji tu na mbingu. Ili ajue alipo hana budi kujua mambo mawili: yuko umbali gani kaskazini au kusini ya Ikweta, yaani latitudo, na yuko umbali gani mashariki au magharibi, yaani longitudo. Latitudo si ngumu sana. Saa sita ya mchana baharia hupima kimo cha jua kwa chombo kiitwacho sekstanti, hutazama katika jedwali jua liko wapi siku ile, hujumlisha na kutoa, akapata jibu. Usiku, akiwa kaskazini ya Ikweta, aweza kupima kimo cha Nyota ya Kaskazini.

Longitudo ndiyo taabu. Dunia huzunguka nyuzi 360 katika saa 24, yaani nyuzi 15 kila saa moja. Kwa hiyo jua likiwa katikati ya mbingu Mombasa, itapita kama nusu saa kabla halijafika katikati ya mbingu Kampala. Basi mtu akijua saa ya mahali alipo, na wakati huo huo akijua saa ya Greenwich kule Uingereza, tofauti ya saa hizo mbili humpa longitudo yake. Lakini ataijuaje saa ya Greenwich naye yuko katikati ya bahari? John Harrison, Mwingereza, alikwisha kutengeneza saa nzuri ya baharini katika mwaka wa 1759, lakini saa za namna ile zilikuwa ghali mno, na merikebu nyingi za biashara hazikuwa nayo.

Palikuwa na njia nyingine, nayo ni ya mwezi. Mwezi hutembea mbele ya nyota, na kila saa moja husogea kadiri ya upana wake mwenyewe. Kwa hiyo mwezi ni kama mshale wa saa, na nyota ni kama tarakimu zilizoandikwa juu ya uso wa saa hiyo. Tangu mwaka wa 1767 Waingereza walikuwa wakitoa almanaka ya mabaharia, iliyoonyesha umbali wa mwezi kutoka kwenye jua na nyota kwa saa za Greenwich. Baharia alipima umbali huo kwa sekstanti, akatafuta katika almanaka ni saa ngapi Greenwich. Saa hiyo haikumgharimu kitu, ilikuwa juu mbinguni kwa kila mtu. Lakini hesabu yake ilikuwa ndefu na ngumu, na ukikosea dakika moja ya pembe, yaani sehemu moja ya sitini ya nyuzi, waweza kupotea maili 30 za bahari. Kwa hiyo mabaharia wengi waliiogopa. Walipendelea kukisia njia kwa dira, na kwa kamba yenye mafundo iliyotupwa nyuma ya merikebu ili kupima mwendo. Mkondo wa maji ukiwasukuma pembeni, hawakujua mpaka waliposikia mawimbi yakipiga mwamba.

Bowditch aliingia baharini mara ya kwanza mwezi wa Januari 1795, mkataba wake wa duka ulipokuwa umekwisha. Alikuwa karani wa merikebu iliyoitwa Henry, chini ya nahodha Henry Prince, nao walikwenda mpaka kisiwa cha Bourbon, ambacho sasa huitwa Réunion, katika bahari yetu hii ya Hindi, mashariki ya Madagaska. Baadaye alisafiri mara tatu katika merikebu Astrea, akafika Manila na Batavia, tena Ureno na Hispania. Kila usiku wa mbingu safi alikuwa juu ya sitaha na sekstanti yake. Akavumbua njia fupi zaidi ya kufanya ile hesabu ya mwezi.

Na hapa ndipo tunapoona ukubwa wa mtu huyu. Desturi ya siku zile ilikuwa kwamba elimu ya kuongoza merikebu ni mali ya nahodha na wasaidizi wake. Baharia wa kawaida kazi yake ni kuvuta kamba, kukunja matanga na kutii. Bowditch hakuikubali desturi ile. Aliketi na mabaharia wa Astrea, watu ambao wengi wao shule waliijua kidogo tu, akawafundisha kupima mwezi na kupiga hesabu yake. Hakumwacha hata mpishi.

Yasimuliwa kwamba safari moja walipofika Manila, nahodha mmoja wa Kiskoti alistaajabu akauliza imewezekanaje merikebu hii kuipata njia yake dhidi ya pepo za kaskazi kwa kukisia tu. Nahodha Prince akamjibu kwamba hawakukisia. Humo ndani mlikuwa na watu 12, na kila mmoja wao aliweza kufanya hesabu ya mwezi kama Newton mwenyewe angalikuwa hai. Bowditch, wasema, alikuwa ameketi pale pale kimya, wala hakujisifu. Mabaharia wale hawakubaki chini; walipanda wakawa wasaidizi wa nahodha na manahodha.

Wakati huo kitabu kilichotumiwa na mabaharia wengi kilikuwa cha Mwingereza John Hamilton Moore. Mchapaji wa Kimarekani, Edmund Blunt, alimwomba Bowditch akikague kabla hakijachapwa upya. Bowditch akaanza kupiga hesabu za majedwali yote tena tangu mwanzo, tarakimu moja moja. Hesabu ya makosa aliyoyakuta ilipita 8,000!

Huenda msomaji akauliza, kosa la tarakimu lina ubaya gani? Tutazame mfano mmoja. Moore aliuhesabu mwaka wa 1800 kuwa mwaka mrefu, wenye siku 29 katika Februari. Haukuwa hivyo, kwa kuwa mwaka wa mwisho wa karne huwa mrefu tu ukigawanyika kwa 400. Kwa hiyo jedwali la jua likawa limekosea siku moja nzima. Katika mwezi wa Machi jua husogea karibu dakika 24 za pembe kwa siku moja, na dakika moja ya pembe ni maili moja ya bahari. Basi nahodha aliyepima jua vizuri, kwa mkono usiotetemeka, akajumlisha vizuri, angejikuta amekosea maili 24 hivi, karibu kilometa 44. Usiku mmoja wa giza karibu na pwani yenye miamba, maili 24 ni uhai au mauti. Na yule aliyekosea ameketi mbali nchi kavu, hata hajui.

Mwanzo Bowditch alisahihisha tu kitabu cha Moore, kikatoka mwaka wa 1799. Lakini makosa yalikuwa mengi hata akaona heri kuandika kitabu chake mwenyewe. Kikatoka mwaka wa 1802 kwa jina la The New American Practical Navigator. Inasemekana aliweka nadhiri asiandike humo neno lo lote asiloweza kulifundisha kwa kila baharia merikebuni. Mwaka ule ule Chuo Kikuu cha Harvard kilimpa shahada ya heshima. Yeye aliyetolewa shuleni na miaka 10 alikuwa amehudhuria kama mtazamaji tu, akashtuka kusikia jina lake likitajwa.

Maisha yake hayakuwa ya heshima tu. Majonzi pia aliyaonja. Katika mwaka wa 1798 alimwoa Elizabeth Boardman, na miezi michache baadaye alikwenda safari. Mkewe akafariki akiwa bado kijana, naye mumewe yuko baharini. Mtu aliyeweza kujua mahali alipo katikati ya bahari kuu hakuwa na njia ya kujua yaliyotukia nyumbani kwake. Baada ya miaka miwili alimwoa binamu yake, Mary Ingersoll, wakajaliwa watoto.

Safari yake ya tano na ya mwisho ilikuwa katika merikebu Putnam, na sasa yeye mwenyewe alikuwa nahodha. Walikwenda Sumatra kununua pilipili manga, wakapitia kisiwa cha Mauritius. Walikaribia Salem siku ya Krismasi ya mwaka wa 1803. Tufani ya theluji ilikuwa inavuma na usiku unaingia. Njia ya kuingia bandari ya Salem ni nyembamba, ina visiwa na miamba huku na huku, na manahodha wengine wangalikaa nje baharini kungoja asubuhi. Lakini kukaa nje katika tufani ile nako kulikuwa hatari. Bowditch alikuwa na hesabu zake. Theluji ilipopasuka kidogo, aliona kwa kitambo tu mwanga wa taa ya kisiwa cha Baker. Mwanga huo ulithibitisha hesabu, akaingiza merikebu bandarini na mzigo wake na watu wake wote. Watu wa Salem hawakuamini macho yao.

Baada ya hapo hakurudi baharini. Katika mwaka wa 1804 akawa mkuu wa kampuni ya bima huko Salem, na mwaka wa 1823 akahamia Boston kwa kazi ya namna hiyo hiyo. Vyuo vikuu vilimwita awe profesa, naye akakataa. Usiku aliendelea kusoma. Alikifasiri kwa Kiingereza kitabu kikubwa cha Mfaransa Laplace juu ya mwendo wa sayari na nyota. Laplace alikuwa na desturi ya kuruka hatua katika hesabu zake na kusema kwamba jambo ni dhahiri. Bowditch alikuwa akisema kwamba kila alipokuta neno hilo alijua ana kazi ya saa nyingi kutafuta kilichorukwa. Zile hatua zote aliziandika, ili wanaokuja nyuma wasipate taabu. Alikichapisha kwa fedha zake mwenyewe, kuanzia mwaka wa 1829.

Tusimfanye malaika. Alikuwa mtu wa hasira za haraka na maneno makali. Alipokuwa katika baraza la Harvard alikagua hesabu za chuo kwa ukali ule ule aliokagua majedwali ya Moore, na mkuu wa chuo alijiuzulu mwaka wa 1828 kwa sababu ya maneno yake. Kosa la hesabu alilichukia po pote alipolikuta, liwe la mkubwa au la mdogo.

Lakini matunda ya mafundisho yake yalikuwa yakienea. Katika mwaka wa 1817 merikebu ya tajiri mmoja wa Salem, iliyoitwa Cleopatra's Barge, ilitia nanga Genoa, Italia. Mtaalamu wa nyota aliyejulikana Ulaya nzima, von Zach, aliitembelea. Akaambiwa kwamba humo ndani hata mpishi ajua kutafuta longitudo kwa mwezi. Hakusadiki. Mpishi akaitwa, naye alikuwa mtu mweusi. Akaja kutoka jikoni na kitambaa cheupe kiunoni, mkono mmoja kashika kuku, mkono wa pili kisu. Von Zach akamhoji juu ya njia za kufanya hesabu ile. Mpishi akazitaja moja baada ya nyingine, na ya Bowditch ikiwamo, akaeleza pia ni ipi aliyoizoea zaidi na kwa nini. Akaonyesha daftari zake, hesabu zikawa sawa. Yule mtaalamu akaandika habari hiyo kwa mshangao mkubwa. Wakati ule watu weusi wengi sana walikuwa bado watumwa katika nchi ya Marekani, na wako waliosema kwamba akili zao haziwezi elimu. Mwezi na nyota hazikujali maneno hayo. Zilimpa mpishi jibu lile lile ambalo zingempa profesa.

Merikebu za Salem zilifika hata pwani yetu ya Afrika Mashariki. Katika mwaka wa 1833 Marekani ilifanya mkataba wa biashara na Seyyid Said, na mwaka wa 1837 balozi mdogo wa kwanza wa Marekani alifika Unguja, Richard Waters, naye alikuwa mtu wa Salem. Walinunua pembe za ndovu na sandarusi, wakaleta nguo. Neno merikani, tuliloliita kitambaa kile kilichofika mpaka huku bara, ni ukumbusho wa biashara hiyo. Na kitabu cha kazi cha mabaharia wa Marekani wa siku hizo kilikuwa kile cha Bowditch.

Nathaniel Bowditch alifariki Boston tarehe 16 Machi 1838, siku kumi kabla ya kutimiza miaka 65. Sehemu ya nne ya kitabu cha Laplace ilitoka mwaka uliofuata. Hakuisahau ile maktaba ya Salem iliyomlea. Katika wasia wake aliiachia fedha.

Kitabu chake kingali hai. Serikali ya Marekani ilinunua haki yake katika miaka ya 1860, na hata leo hukitoa, kikisahihishwa kila mara. Siku hizi merikebu huongozwa kwa mitambo inayopokea habari kutoka satelaiti, na chuo cha maofisa wa jeshi la majini la Marekani kiliacha kulazimisha somo la nyota mwaka wa 1998. Lakini katika mwaka wa 2015 kikalirudisha, kwa kuwa mitambo yaweza kuharibika au kuvurugwa na adui. Nyota haziharibiki.

Ndugu wasomaji, tumepata mafundisho mawili kwa mtu huyu. La kwanza ni kwamba hesabu si jambo la mtihani tu. Atakayekuwa daktari atapima dawa, atakayekuwa mhandisi atapima daraja, na karani ataandika tarakimu ambazo mtu asiyemjua atazitegemea usiku wa giza. La pili ni kubwa zaidi. Bowditch aliipata elimu kwa taabu kuliko sisi sote, naye angaliweza kuificha ili aheshimiwe peke yake. Yeye alishuka nayo mpaka jikoni. Sisi tuliobahatika kukaa darasani tuna ndugu wengi nyumbani ambao hawakubahatika. Likizo zitakapofika, tusiende kuwaonyesha tu kwamba twajua. Tuketi nao, tuwafundishe.